Kivuli cha Tisa

Mimi mpira siupendi, na sikuanza leo. Nimeishi na mtu wa mpira miaka thelathini na mbili; nimefua mpira, nimepika mpira, nimezaa watoto watatu katikati ya misimu ya mpira, na mpaka sasa ukiniuliza kuotea ni nini nitakuambia kamuulize fundi. Lakini asubuhi ile iliposemwa kwamba timu yao imemwachia Tisa, mimi ndiye niliyetafuta pa kukaa kwanza. Nilijua anayeondoka hataondoka peke yake.

Fundi ni mume wangu. Mtaani wanamwita Fundi Namba, maana kazi yake ni moja tu: kushona majina na namba migongoni mwa jezi. Chumba chetu cha mbele ndicho duka. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, na mkasi mkubwa wa chuma alioachiwa na bwana aliyemfundisha kazi. Wenzake siku hizi wanabandika herufi kwa pasi, ukifua mara tatu unabaki na nusu jina. Yeye anakata herufi za kitambaa cheupe, anazipanga, anazizungushia uzi mara mbili. Huwaambia wateja, "Hata ukizikwa nayo, utaanza kufumuka wewe."

Jezi za timu yao ni rangi ya damu ya mzee. Na Tisa alikuwa mshambuliaji wao, kijana aliyekulia timu ya watoto hapo hapo uwanjani, mguu wake ukifumua shuti kipa anabaki kusimuliwa. Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Watu waliandikisha TISA kwa herufi, na chini yake 9 kwa tarakimu, ili asiyejua kusoma moja asome nyingine. Kwa miaka sita Tisa ndiye aliyetulisha. Kati ya jezi kumi zilizopita mikononi mwa Fundi, saba zilikuwa zake.

Sasa nikueleze habari ya nyumba, kwa sababu bila nyumba huwezi kuelewa.

Sisi tunaishi kwenye nusu nyumba. Mama mkwe wangu aliacha vyumba vinne na ukumbi mwembamba katikati, na watoto wawili wa kiume. Matanga yalipokwisha wakaanza kubishana juu ya chumba chake. Shemeji, ambaye ndiye mkubwa, akasema chumba cha mama ni cha mkubwa. Fundi akasema aliyemuuguza mama humo ni mimi na mke wangu, wewe ulikuja kutazama. Maneno yakazaa maneno, mwishowe yakazaa tofali. Wakaita mwashi. Mwashi akauliza ukuta aupitishe wapi, huyu akatazama kule, yule akatazama huku, basi naye akapiga kamba yake na kwenda mbele moja kwa moja. Ukuta ukaupasua ukumbi, ukaingia chumba cha mama, ukaishia katikati ya dirisha. Kioo kimoja kikabaki kwetu, kimoja kwa shemeji. Nikifungua changu, chake kinatikisika. Uani hawakujenga, kwa sababu bomba ni moja.

Husemwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Mimi nimelima miaka kumi na moja. Kikapu kimeliwa na mchwa.

Nyumbani walikuwa hawasalimiani kabisa. Wakikutana bombani mmoja anakumbuka kitu ndani. Lakini uwanjani walikuwa na ngazi yao, ile ile waliyokalia tangu vijana, na hapo hakuna aliyekubali kuhama kumpisha mwenzake. Kwa hiyo walikaa bega kwa bega, na mpira ukianza midomo inafunguka. Siku moja nilikwenda kuhakikisha kwa macho yangu. "Mdogo wangu, umeiona pasi ile?" "Nimeiona, kaka. Tisa huyu ana macho kisogoni." Dakika tisini wanazungumza kama watu walionyonya ziwa moja. Filimbi ya mwisho ikilia, kimya. Huyu anapita lango la kushoto, yule la kulia, na wote wanarudi nyumba moja.

Timu ikicheza ugenini kila mtu alisikiliza redio yake kwenye nusu yake ya chumba cha mama. Bao likiingia, Fundi anachukua mkasi na kugonga ukuta kwa mpini, mara tatu. Shemeji anajibu kwa kisigino cha kiatu, mara tatu. Hawakupatana kufanya hivyo. Ilitokea tu siku Tisa alipofunga bao lake la kwanza, ikawa desturi. Plasta yetu ina shimo la ukubwa wa yai mahali pa kugongea. Fundi hataki nilizibe.

Shemeji alikuwa mjane. Kazi ya ukarani wa ghala aliimaliza miaka mitatu nyuma, na binti yake aliye mji wa mbali alishamtengea chumba, kila mwezi anampigia simu, baba njoo. Naye jibu lake lilikuwa hilo hilo, nilikuwa nalisikia kupitia kile kioo. "Mtu hahami kwao. Muulize Tisa." Maana Tisa alishatakiwa na timu mbili, akasema redioni kwamba yeye hapa ni kwao na hapa ndipo atakapochokea. Fundi alikuwa akiyasikia maneno hayo, anainama kwenye cherehani anatabasamu kisirisiri. Hakuwahi kusema, lakini nilimjua. Alikuwa akingoja. Aliamini siku moja, kwa mpira huo huo, kaka yake atapita mlangoni na kukaa.

Basi ndipo timu ikambadilisha Tisa. Si kumuuza ng'ambo, watu wangevumilia. Walimpeleka kwa wapinzani wa mji ule ule, wakapewa wachezaji wawili. Kinyozi wa jirani aliingia dukani na simu mkononi, uso umemshuka, akasema, "Wametoa ng'ombe wakachukua kuku wawili. Na kuku wenyewe wanachechemea."

Kufika saa nne foleni imetoka nje. Wote na jezi zao kwapani, wote neno moja: fumua. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima na miwani yake, alisema hataki kuliona jina la msaliti hata kwa bahati mbaya. Dereva wa gari la takataka alikuwa na jezi aliyoichukua jana yake jioni, hajaivaa bado, anaikumbatia hajui afumue au alie. Mwingine alitaka jina libaki ila Fundi aongeze juu yake neno MAREHEMU. Fundi akamwambia, "Mtu mzima anapumua, mimi simshonei msiba."

Hapo ndipo majigambo yake yalipomrudi. Uzi mara mbili, tena wa nailoni. Jezi moja ilimla nusu saa kwa wembe, mishono inang'ang'ania. Na kibaya zaidi, ukiliondoa jina, linabaki. Nguo yote imepauka kwa jua isipokuwa pale palipofunikwa na herufi, kwa hiyo ukitoa kitambaa cheupe unakuta TISA imeandikwa kwa rangi iliyokolea, inasomeka kuliko mwanzo. Mwalimu alirudi na yake kulalamika. "Bado yumo." Fundi akamjibu, "Mwalimu, uzi nimeutoa. Jua siwezi kulifumua."

Siku ya tatu tulikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa chetu. Ndani yake jezi ya shemeji, imekunjwa kwa mistari kama faili, na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa karani: *Fundi, naomba utoe jina. 9 iache.*

Fundi aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Kisha akaniita, akaniwekea kidole juu ya neno moja.

"Umeona? Ameandika naomba."

Miaka kumi na moja hajamwomba hata chumvi. Mimi nikasema mtolee jina leo, mpelekee leo, ugonge mlango, basi. Hata kikombe cha chai nitaweka.

"Na kivuli?"

"Kiache. Kila mtu ana kivuli."

"Kazi ya kaka siipeleki nusu," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Nikamwambia ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, akawa hanisikii tena, ameshachukua chaki.

Jina alilitoa siku hiyo hiyo, kwa sindano badala ya wembe, mshono mmoja mmoja, hata uzi mmoja wa nguo haukukatika. Kisha akafanya jambo ambalo nitalikumbuka mpaka naingia kaburini. Alikata katoni ngumu ukubwa wa mgongo wa jezi. Juu yake akachora herufi zile zile kwa vipimo vile vile, akazitoboa. Akaifunga ile katoni juu ya jezi, matundu yakakaa sawasawa juu ya kivuli, ili jua liingie hapo tu, liipaushe ile rangi iliyokolea mpaka ilingane na nguo yote. Ukweli usemwe, nilimwonea fahari. Hakuna fundi mwingine angewaza hivyo, tena kwa jezi kuukuu ya mtu asiyemsalimia. Akaitundika uani kwenye kamba, upande unaopata jua la asubuhi hadi alasiri. Kila siku anaianika, jua likipungua anaianua, anaitazama, anaguna, kesho tena.

Kilichonipita mimi, na kilichompita yeye, ni kwamba kamba ile inatazamana na dirisha la mama.

Jumamosi ilikuwa mechi ya nyumbani, ya kwanza bila Tisa. Fundi aliwahi uwanjani kuliko watu wote, akaweka kofia yake pale anapokaa kaka yake. Watu wakauliza hapa kuna mtu, akasema kuna mtu. Waliuliza hadi kipindi cha pili. Alirudi jioni, kofia ameishika mkononi. Sikumuuliza matokeo.

Siku ya saba nilikutana na shemeji bombani. Nilimsalimu, kwa kuwa mimi sina ugomvi na mtu. Akaitikia vizuri tu, akainua kidevu kuelekea kambani.

"Shemeji, ile jezi yangu huyu bwana anaifanyaje?"

Hapa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Maneno manne yangetosha, anatoa kivuli tu, shemeji. Lakini nilikuwa nimechoka. Miaka kumi na moja natumika kama shimo la ukuta, huyu anataka kujua hili, yule lile, wote kupitia kwangu. Nikaona leo ndiyo siku, leo nikimnyima jibu atalazimika kwenda mwenyewe, watasemezana. Nikajiona mjanja.

"Kamuulize fundi," nikamwambia. "Mna midomo wote wawili."

Akafunga bomba, ndoo haijafika hata nusu, akaondoka nayo.

Nilingoja aende dukani siku hiyo. Nikangoja kesho yake. Niliweka hata sufuria ya chai mapema, ikapoa, nikaipasha, ikapoa. Kwa Fundi sikusema neno. Nilitaka iwe ghafla.

Siku ya kumi na moja timu ilicheza ugenini, mchana wa jua kali. Fundi alikuwa amefurahi tangu asubuhi. Jezi imekaribia kabisa, alisema, leo jua hili likiipiga vizuri jioni naipeleka. Akakaa na redio yake, mkasi mezani. Mimi nilikuwa nachambua vifungo. Dakika ya ishirini hivi mtangazaji akapandisha sauti: mmoja wa wale kuku wawili amefunga. Fundi aliinuka nusu, akasita. Tangu Tisa aondoke bao lilikuwa halijapatikana, hakujua kama desturi bado ipo. Kisha akachukua mkasi, akagonga. Mara tatu.

Akatega sikio ukutani.

Halafu upande wa pili kukagongwa. Moja. Mbili. Tatu.

Sijamwona Fundi na uso ule tangu siku ya harusi yetu. Alinigeukia, macho yamejaa maji, akasema taratibu, "Leo kagonga kwa nguvu."

Kukagongwa mara ya nne. Ya tano. Ya sita ikaja na ya saba, kisha kituo, kisha nne za haraka. Fundi akabaki amesimama na mkasi wake. Sisi wote tumeishi na mafundi, tunajua mlio wa msumari.

Nilitoka mbio hadi upande wa pili. Gari dogo la mizigo limeegeshwa, limerudi kinyumenyume hadi mlangoni, godoro limeshapakiwa. Shemeji yumo chumba cha mama amepiga goti, anapigilia kifuniko cha kasha, misumari mingine ameishika kwa midomo.

"Shemeji, unahama?"

Akatoa misumari mdomoni. "Naenda kwa binti."

"Si ulisema mtu hahami kwao?"

"Nilisema. Na Tisa alisema." Akapangusa kifuniko kwa kiganja. "Yule alinikata maini, lakini ni mtoto, walimhamisha wakubwa zake. Mdogo wangu je? Nilimwomba kitu kimoja, shemeji. Nimwandikie mimi, mkubwa. Akakata bango la jina lile lile akanitundikia mbele ya dirisha, kila nikiamka nilisome. Siku nane."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho na kurudi mwanzo, katoni, matundu, jua, kivuli. Akasikiliza mpaka mwisho, nyundo mkononi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema nimuulize yeye. Nikajua ni neno mlilokubaliana."

Nikainama nikaokota msumari uliokuwa umeanguka, nikamrudishia.

Fundi akaja wakati huo, na jezi mikononi, bado ina joto la kambani. Mlango ule hakuuvuka tangu siku ya mwashi. Alisimama kizingitini asijue aseme karibu au hodi. Akaunyoosha tu mkono. Shemeji aliipokea, akaigeuza mgongo, akaipeleka kwenye mwanga wa nusu dirisha. Hapakuwa na kitu. Ile 9 nyeupe iko pale pale, na juu yake nguo tupu, imepauka sawasawa, hata kwa kidole huwezi kupapasa palipokuwa na jina. Akapitisha kiganja juu yake, mara mbili. Nikasema moyoni, sasa.

Dereva akapiga honi. Binti alikuwa kwenye simu ya dereva, anauliza kama wameshatoka, chakula cha jioni kinawangoja.

Shemeji akaikunja jezi kwa mistari yake, akaiweka juu ya kasha.

"Kazi nzuri, fundi," akasema.

Uwanjani alimwita mdogo wangu. Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Wakashika kasha lile pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakalipandisha garini. Shemeji akanipa mimi ufunguo, akaniomba nifagie.

Gari lilipokata kona Fundi alirudi kwenye redio yake, mimi nikaingia kwa shemeji na ufagio. Sikutaka kukaa naye, naomba Mungu anisamehe, sikuwa na uso wa kumtazama. Nilifagia ukumbi, nikafagia chumba cha mama. Ukutani kwake nako kulikuwa na shimo, dogo kuliko letu, limezungukwa na alama nyeusi za kisigino. Sikuwahi kujua kwamba naye hakuliziba. Nikainua kichwa kutazama nje. Katoni ilikuwa imebaki kambani, Fundi ameisahau, upepo hakuna, imeninyookea usoni: TISA. Herufi kubwa, jua linapita katikati. Kutoka dirisha lile huoni kitu kingine.

Nikasikia redio kwa mbali, kupitia ukutani, mtangazaji anapiga kelele. Bao la pili.

Kisha ukuta ukagongwa, karibu kabisa na kichwa changu. Mara tatu, kwa mpini wa mkasi.

Alijua nyumba ni tupu. Kasha alilipakia mwenyewe. Nilishika ufagio wangu, nikaugeuza upande wa mti, nikausogeza hadi kwenye lile shimo. Nikakumbuka siku ile bombani, nilipojiona mjanja. Nikaushusha chini polepole usije ukatoa mlio, nikasimama pale mpaka mpira ukaisha.